Taa ya Injini na Harufu ya Petroli

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo nazungumzia ufa mdogo sana, ulio kwenye mfuniko wa tangi la petroli.

Hivi karibuni taa ya injini iliwaka kwenye dashibodi ya gari langu, na nyuma kukawa na harufu ya petroli. Fundi wa kwanza hakupima chochote. Alisikiliza muungurumo, akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, hiyo ni pampu ya mafuta." Nikanunua pampu. Siku ya tatu taa ikawaka tena.

Fundi wa pili alichomeka mashine ya kupimia, ikatoa namba P0455. Maana yake, mvuke wa petroli unavuja kwa wingi. Hakunituma dukani. Alifungua mfuniko wa tangi akanionyesha mpira wake wa kuzibia ulivyopasuka.

Petroli hutoa mvuke hata gari likiwa limezimwa. Mvuke huo una sumu na hushika moto upesi, kwa hiyo hauachwi uende hewani. Hupitishwa kwenye mabomba hadi kwenye kopo lenye mkaa, na mkaa huunyonya. Injini ikifanya kazi, vali ndogo hufunguka, mvuke ukavutwa na kuunguzwa. Katika magari mengi ya siku hizi kompyuta huukagua mfumo huo, na ikigundua panapovuja huwasha taa.

Ukaguzi nao una utaratibu wake. Kwanza isomwe namba, kwani taa hiyo huwaka kwa sababu nyingi. Pili, mfuniko uwe na mpira mzima, tena ukazwe barabara. Tatu, yatazamwe mabomba ya mpira kutoka tangi hadi injini. Nne, vali ile ichomolewe na kupulizwa. Isipokuwa na umeme, pumzi isipite. Ikipita, imekwama wazi, na mara nyingi gari litasumbua kuwaka baada ya kujaza mafuta. Haya yote yakiwa salama, ndipo itafutwe gereji yenye mashine ya moshi. Moshi hupulizwa taratibu ndani ya mfumo, na unapochomoza ndipo penye tundu. Lakini asitokee mtu wa kutafuta tundu hilo kwa kiberiti, wala kwa sigara mdomoni!

Sisi wenye magari pia tuna kosa letu. Pampu ya kituoni ikishakata yenyewe, tunamwambia kijana, "Ongeza kidogo, hesabu itimie." Petroli inayozidi yaweza kuingia kwenye kopo la mkaa na kuliharibu. Pampu ikikata, tosheka.

Ndugu wasikilizaji, harufu ya petroli si ya kuzoea, hasa kwa gari linalolala karibu na jiko au vyumba vya watoto. Na kabla hujafungua pochi, mwulize fundi wako swali moja tu: umepima, au umekisia? Mimi sikuuliza. Pampu yangu ya zamani, iliyokuwa nzima kabisa, niliiacha gereji.