UMOJA USIO NA HAZINA
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kiptere)



Sisi tu watu wa reli, na hapa Kiptere hakuna reli. Lakini ninyi mchumao chai na sisi tubebao mizigo tu jamaa moja, maana chai ya Kericho huuzwa mnadani Mombasa. Leo tumeombwa tueleze neno moja: konfederesheni. Tarehe 20 Mei 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali kwamba iwe hatua ya kwanza kuelekea shirikisho. Basi yafaa tujue ni kitu gani.

Katika shirikisho, serikali ya juu ina nguvu zake yenyewe: hutoza kodi na kutunga sheria, na raia huzifuata. Katika konfederesheni kila nchi hubaki na enzi yake. Nchi hukutana, hupatana juu ya mambo machache, na isiyopenda yaweza kutoka. Faida yake ni kwamba mdogo hamezwi na mkubwa.

Lakini tazameni mfano wa chama. Tuseme kila tawi lakusanya ada na kuipeleka makao makuu likipenda tu. Na tawi moja likisema hapana, mgomo hauwi. Je, mwajiri atakiogopa chama hicho? Hata kidogo. Huo ndio udhaifu wake. Marekani walikaa hivyo tangu 1781 hata 1789. Baraza lao halikuwa na uwezo wa kutoza kodi, likawa laomba fedha kwa majimbo bila kupata za kutosha, mwisho wakaliacha.

Sisi wa reli hatuna haja ya kwenda mbali. Jumuiya ya 1967 haikuitwa konfederesheni, lakini ilifanana nayo. Juu walikuwa marais watatu, na neno halikupita ila wote wakubali. Reli ilikuwa shirika moja la Kenya, Uganda na Tanzania, makao yake Nairobi. Mwaka 1971 Amin alipompindua Obote, Nyerere alikataa kuketi naye, na baraza la marais halikukaa tena. Ugomvi ukakosa mwamuzi. Fedha za reli zilizokusanywa Tanzania na Uganda zikaacha kufika Nairobi, na Kenya ikanung'unika kwamba yabeba mzigo peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa hadi 1983.

Mwaka 1984 mali iligawanywa: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Injini na mabehewa hugawanyika, lakini miaka ya kazi ya mtu je? Kila nchi ilichukua deni la pensheni za watu wake. Hata hivyo, huko Tanzania wazee walioitumikia Jumuiya walikuwa bado wakidai haki yao mahakamani katika miaka ya 2000.

Jumuiya ya sasa ina nchi 8. Wakuu wake bado huamua kwa kauli moja, na michango huchelewa.

Ndugu, hatusemi umoja ni mbaya. Chama chenyewe ni umoja. Twasema mkiulizwa maoni juu ya katiba hiyo, msinyamaze. Ulizeni matatu: Nani atalipa, na asiyelipa atafanywa nini? Nchi zikigombana, nani ataamua? Na ikivunjika, pensheni ya mfanyakazi itadaiwa kwa nani?

Wapiganapo tembo nyasi huumia. Mara ya kwanza nyasi tulikuwa sisi.