Mzazi Akushike Mkono, Asikushikie Kalamu



Nimeombwa nizungumze juu ya maombi ya chuo kikuu: mzazi asaidie mpaka wapi? Swali ni dogo, lakini ndani yake mna haki za watu.

Kwanza, kumsaidia mtoto ni jambo jema, hakuna anayelipinga. Aliyepata C+ na zaidi katika KCSE huomba nafasi ya shahada kupitia KUCCPS, chombo kilichoundwa na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2012. Maombi yote ni kwa intaneti. Kijana anahitaji mtu wa kuketi naye waangalie pamoja: kozi hii yataka alama gani, masomo gani, mwisho wa kuomba ni lini. Mzazi akifanya hivyo, Mungu amlipe. Lakini akiingia usiku akabadilisha kozi kimyakimya kwa kuwa anataka kuitwa baba wa daktari, huo si msaada tena. Jamani, atakayekaa darasani miaka yote hiyo ni nani?

Pili, uwongo. Huko Marekani mwaka 2019 wazazi matajiri walishtakiwa kwa kumlipa bwana mmoja, Rick Singer, awaingizie watoto wao vyuoni kwa hila. Mwigizaji Felicity Huffman alilipa dola 15,000 ili majibu ya mtihani wa bintiye yarekebishwe, akahukumiwa kifungo cha siku 14.

Tusiwacheke, hebu tujiangalie. Fomu ya mkopo wa HELB huuliza hali ya nyumbani. Mtu ana duka, ana nyumba za kupangisha, lakini kwenye fomu anaandika hana kitu. Mwengine baba yu hai, kaandikwa marehemu! Fungu la pesa ni moja. Ukilimega kwa uwongo, unampunguzia yatima wa kweli, naye huenda akarudi nyumbani kwa kukosa karo.

Mnaijua habari ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka. Juu kavu, chini imelowa. Akamwuliza mwenyewe mbona hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione. Fomu nayo ni rundo hilo hilo. Chini yake pawe kama juu.

Mwisho, wewe mzazi uliyesoma, usiishie kwa mwanao. Mtoto wa jirani, ambaye mamake anauza mahamri, akienda saiba peke yake huchaguliwa kozi yoyote na kutozwa pesa juu. Muite naye, wakae meza moja na wako. Nanyi mlio vyuoni tayari, baada ya tarawehe tengeni nusu saa muwaelekeze wadogo zenu. Hiyo nayo ni sadaka, wala haigharimu hata shilingi.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.