MALI BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI
(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, kwa wanachama wapigao muziki, wachoraji na wachongaji)



Halmashauri ya tawi imetuomba tuseme maneno machache juu ya wenzetu ambao wakitoka kazini hawapumziki, bali hushika gita, brashi au tezo. Wengine hudhani hayo ni michezo ya Jumamosi tu. Sisi twasema ni kazi. Na ikiwa ni kazi, basi ina ujira wake, ina mapatano yake, na ina sheria yake. Haya tulijifunza kwa hasara, wala hatupendi nanyi mjifunze kwa njia ile ile.

Wengi wenu mwatujua. Tulikuwa watu watano wa karakana ya mabehewa, tukawa na bendi yetu. Mwenzetu mmoja ndiye aliyekuwa akitunga nyimbo. Siku moja tulikwenda studio tukaimba nyimbo nne. Baadaye mwenye studio akatuita, akatupa Sh. 6,000 na karatasi ya Kiingereza. Mtunzi hakuwapo, kwa maana alikuwa na zamu kazini. Mmoja wetu akatia saini kwa niaba ya wote. Hatukuisoma karatasi. Tukagawana fedha, tukamwekea mwenzetu fungu lake, tukafurahi.

Muda si mwingi wimbo mmoja ukasikika katika tangazo la biashara redioni. Kisha mwenzetu akafariki. Baada ya matanga, mjane wake akatujia pamoja na watoto, akauliza, "Shemeji zangu, ule wimbo wa baba watoto unaopigwa kila siku, fedha zake huenda wapi?" Tukatazamana. Hatukuwa na jibu.

Tangu siku ile tulianza kuuliza. Tulikwenda kwa wenye kujua, tukafika hata katika Bodi ya Haki Miliki ya Kenya, ambayo watu huiita KECOBO. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza, wimbo, picha au kinyago ni mali. Sheria ya Haki Miliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mtunzi haki mara tu kazi yake inapoandikwa au kurekodiwa. Si lazima uiandikishe ndipo iwe yako. Lakini kuiandikisha katika Bodi ni vizuri sana, kwa sababu siku ya ugomvi una cheti cha kuonyesha. Tena haki hiyo haifi pamoja na mtu. Kwa wimbo, hudumu muda wa maisha ya mtunzi, na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Hurithiwa kama ng'ombe au baiskeli inavyorithiwa.

Pili, kumruhusu mtu kutumia kazi yako si sawa na kumpa kazi yako. Ruhusa ya kawaida yaweza kuwa ya mdomo tu. Lakini kumpa mtu haki yenyewe, au kumpa ruhusa ya peke yake inayowazuia watu wengine wote, hakufai ila kwa maandishi yenye saini ya mwenye haki, au ya mtu aliyetumwa naye. Kwa hiyo, ndugu, saini ni kama ufunguo wa nyumba. Usiitoe kabla hujajua ni mlango gani unaofunguliwa. Ukiletewa karatasi usiyoielewa, sema, "Naomba nikaisome nyumbani." Mlete mtu asomaye, au uje nayo katika ofisi ya tawi. Uliza maswali manne: Naiuza kabisa, au naikodisha? Kwa miaka mingapi? Kwa matumizi gani? Nitalipwa mara moja, au kila itumikapo?

Wako watakaosema twajisumbua bure. Na wautazame wimbo wa Malaika. Fadhili William aliurekodi hapa Nairobi, Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautoa katika sahani yao ya mwaka 1965, na Boney M. wakauimba mwaka 1981. Wimbo ulizunguka dunia nzima, na mpaka leo watu wabishana ni nani aliyeutunga. Wengine husema ni Adam Salim wa Tanzania. Kama wimbo mkubwa hivyo umekosa karatasi ya kumaliza ubishi, je, wa kwetu?

Tatu, viko vyama vinavyowakusanyia wanamuziki malipo kutoka redio, hoteli na matatu. Ni jambo jema, lakini chama cha namna hiyo hakina budi kuwa na leseni ya Bodi, na leseni si ya milele. Kabla ya kujiandikisha, iulize Bodi kama chama hicho kina leseni sasa.

Nne, daftari. Andika tarehe, kazi, jina la aliyekupa, kiasi mlichopatana, na kiasi kilicholipwa. Ukilipwa kwa simu, usifute ujumbe. Mtu akikataa kukulipa kwa ngoma uliyopiga arusini au kibao ulichomchorea, iko Mahakama ya Madai Madogo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh. 1,000,000, yatakiwa kumaliza shauri kwa siku 60, na waweza kusimama mwenyewe bila wakili. Lakini hakimu atakuuliza, "Ushahidi uko wapi?" Hapo daftari litasema.

Tano, ni mahali pa kufanyia kazi. Mwanachama mmoja, mchora vibao, aliambiwa na mwenye nyumba Jumatatu kwamba Jumamosi atoke katika chumba chake cha kazi. Hawakuwa na mkataba wa maandishi, akadhani hana haki. Kumbe sivyo. Sheria ya maduka, Sura ya 301, humlinda mpangaji wa duka au chumba cha kufanyia watu kazi kwa malipo, kama hakuna maandishi, au kama maandishi ni ya muda usiozidi miaka mitano. Mwenye nyumba hana budi kutoa ilani kwa fomu ya sheria, ya muda usiopungua miezi miwili, ikiwa anataka kumtoa au kuongeza kodi. Mpangaji asiyekubali apeleke shauri lake katika Baraza la Kodi za Nyumba za Biashara kabla siku za ilani hazijaisha. Akinyamaza, ilani itamshika. Naye aendelee kulipa kodi na kutunza risiti. Kwa nyumba za kulala, sheria ya Sura ya 296 hulinda zile ambazo kodi yake haipiti Sh. 2,500 kwa mwezi. Nyingi siku hizi zimepita hapo, basi wewe andikiana na mwenye nyumba.

La mwisho ni umoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tazameni Mombasa, hapo Changamwe. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft. Huchonga katika mabanda yao pamoja, na vinyago vyao huuzwa katika duka la chama, si kila mtu kubembeleza mnunuzi peke yake njiani. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1997 iliweka watu 10 kuwa watosha kuanza. Katika tawi hili, wenye sanaa ni zaidi ya hao.

Sasa mtauliza, shauri la mjane limefika wapi? Halijakwisha. Karatasi ile haina saini ya marehemu, wala hakumwandikia mtu kumtuma amtilie saini. Mwenye studio asema mmoja wetu alimtilia, na hayo yatosha. Mjane amekwisha pata barua ya Chifu, na sasa anangoja hati ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, ili aweze kudai. Sisi wanne tumeandika yote tulivyoyaona, tumetia saini, na mara hii tulisoma kwanza. Tuko tayari kusimama mbele ya hakimu tuseme kweli, hata kama kweli hiyo itatuonyesha kuwa wajinga. Ni deni letu kwa mwenzetu.

Wenye kazi za namna hii tukutane ofisini Jumamosi ijayo baada ya zamu ya asubuhi. Kila mtu aje na karatasi zake, hata zile anazoziona haya.

Umoja ni nguvu.