Ukurasa Ukikataa Kufunguka, Tazameni Saa Kwanza

Kivinjari kinapoonya kwamba ukurasa wa benki si salama, tunawasihi msikimbilie kubonyeza "endelea". Tazameni kwanza saa ya kompyuta. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani bado ni mwaka 2015 hukikataa, hata kikiwa halali. Rekebisheni tarehe, kisha fungueni ukurasa upya. Saa ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, huenda betri ndogo ya ndani yenye umbo la sarafu, aghalabu CR2032, imekwisha, ibadilishwe. Lakini saa ikiwa sahihi na onyo likabaki, msiandike neno la siri. Ulizeni benki kwanza: akiba ikishaibwa, kuirejesha ni kazi.