Mkataba wa Mwaka Mmoja Mmoja
Hotuba ya mchezaji mstaafu, mzaliwa wa Ujiji, katika hafla ya harambee ya chama chetu jijini Dar es Salaam

    

Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie mafanikio yangu katika soka. Nilimjibu kwamba nitazungumzia kazi yangu katika soka, mafanikio mtayapima wenyewe. Nimecheza miaka 14, klabu 9, nchi 3. Simba sikucheza, Yanga sikucheza, Taifa Stars niliisikiliza redioni kama ninyi. Lakini kwa miaka hiyo 14 nimekula kwa miguu yangu, nimesomesha wadogo zangu wawili na nimemjengea mama nyumba. Wachezaji wengi wanaolipwa duniani ni wa namna yangu. Na vijana wetu, wale watakaobahatika, wengi wao watakuwa wa namna yangu. Ndiyo maana nataka muijue kazi hii ilivyo kabla hamjaichangia.

Mchezaji wa kuhamahama anaishi kwa kalenda ya usajili. Kuna dirisha kubwa ligi ikiisha, kuna dirisha dogo ligi ikiwa nusu. Mkataba wangu mrefu kuliko yote ulikuwa wa miaka miwili. Mingine ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, na mmoja ulikuwa wa miezi sita. Ukisaini unapewa pesa ya usajili, halafu mshahara wa kila mwezi, halafu posho mkishinda. Pesa ya usajili ndiyo yenye kelele. Ndugu wote wanaisikia siku hiyo hiyo, hata wale wa Kasulu ambao hukujua kama ni ndugu. Mshahara hauna kelele, na ndio unaochelewa.

Kwa miaka yote hiyo sikununua kabati la nguo. Nilikuwa na godoro, begi mbili na jiko la gesi, kwa sababu hivyo vinaingia kwenye basi. Mwanangu wa kwanza alianza darasa la kwanza mkoa mmoja, akalimaliza mkoa mwingine. Mke wangu yupo pale meza ya nne, mkitaka habari kamili muulizeni yeye.

Nilianza na chandimu hapo hapo Ujiji, peku, kama kila mtoto. Nilipofika miaka 19 nilipanda treni mpaka Tabora, nikapata timu ya daraja la chini. Kutoka Tabora nikaja Dar, msimu mmoja, zaidi benchi. Kisha Bujumbura. Bujumbura ilinifaa sana, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Kocha akifoka nilielewa kila neno, hata yale ambayo nisingependa kuyaelewa. Nikiwa na miaka 22 nikachukuliwa Oman. Kule mazoezi ni usiku kwa sababu ya joto, na wenzangu wengi walikuja wakitokea kazini kwao. Muscat unaweza kuingia dukani ukahudumiwa kwa Kiswahili cha Unguja, ukasahau uko ugenini. Baada ya hapo nikarudi nchini: Mwanza, Mbeya na kwingine, mpaka goti likakataa nikiwa na miaka 33.

Goti hilo lilianza kunisumbua mapema zaidi, katika klabu moja ambayo sitaitaja. Niliumia mazoezini, na mwezi uliofuata mshahara haukuja. Wa pili haukuja. Viongozi wakawa hawapokei simu. Tulikuwa wawili tulioumia msimu ule. Mwenzangu alikuwa amesaini karatasi moja tu, ikabaki ofisini kwa klabu. Mimi nilikuwa na nakala yangu, yenye mhuri na sahihi, ndani ya begi. Nikaandika barua. Kanuni za FIFA zinasema klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili isivyo halali, unaiandikia na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe; isipolipa una sababu halali ya kuvunja mkataba, na bado unaidai. Mimi nililipwa kabla siku hizo hazijaisha. Mwenzangu alirudi kwao kwa nauli ya kuchangiwa na wachezaji. Kwa uwezo wa mpira, wazee wangu, alikuwa ananizidi mara tatu.

Msidhani kuhama ni dalili ya ubovu. Mnamkumbuka yule Mruguai aliyetuliza watu wakati wa penalti za robo fainali ya Kombe la Dunia 2010, Johannesburg, akaudokoa mpira taratibu katikati ya goli na kuitoa Ghana? Najua bado inauma. Yule ni Sebastián Abreu. Mwaka 2017 alijiunga na klabu yake ya 26, Audax Italiano ya Chile, akaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Hakuishia hapo, aliendelea kuhama. Na wetu wenyewe, Mbwana Samatta: Simba, TP Mazembe mwaka 2011, Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, Aston Villa mwaka 2020 ambako alifunga pale Wembley kwenye fainali ya Kombe la Ligi, kisha Fenerbahçe ya Uturuki, Antwerp, Genk tena, PAOK ya Ugiriki, Le Havre ya Ufaransa. Huyo ndiye bora tuliyenaye, na begi lake halijakaa chini.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta mbele yenu.

Mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine mkataba wake ukiwa haujaisha, na klabu mpya ikalipa ada ya uhamisho, asilimia 5 ya ada hiyo inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 mpaka ule wa miaka 23. Ni kanuni ya FIFA, si hisani ya mtu. Misimu ya miaka 12 hadi 15, kila msimu ni robo ya asilimia moja ya ada. Kuanzia 16, kila msimu ni nusu ya asilimia. Tupige hesabu. Kijana amelelewa Ujiji kuanzia miaka 12 hadi 18. Baadaye huko mbele anauzwa kwa shilingi milioni 200, ambayo kwa soka la nje ni ada ndogo. Misimu minne ya mwanzo inaleta milioni 2, mitatu inayofuata inaleta milioni 3. Jumla milioni 5 zinarudi nyumbani. Akiuzwa tena, zinakuja tena. Na tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu jijini Paris ya kupitisha malipo hayo, ikifuata kumbukumbu za usajili wa mchezaji.

Mmesikia neno lenyewe: kumbukumbu za usajili. Nilipotoka Bujumbura kwenda Oman ada ililipwa, kwa sababu mkataba wangu ulikuwa umebakiza mwaka mmoja. Fungu la miaka yangu ya Ujiji halikwenda popote. Kwenye karatasi, mimi nilizaliwa Tabora nikiwa na miaka 19. Waliotununulia mipira, mwalimu aliyetupigia filimbi kila jioni bila malipo, hawamo.

Leo hii timu yetu ya vijana ina jezi, ina kocha, ina watazamaji wanaojaa mpaka wanaingia uwanjani. Usajili haina. Mkoa wetu una sifa ya kuzaa wachezaji, nikianza kutaja majina tutalala hapa, na kila mwaka wanaondoka wawili watatu bila hata daftari kuonyesha kwamba walikuwepo.

Na kuna hili la sasa hivi. Yupo kijana wetu wa miaka 16, winga, mguu wa kushoto. Kuna mtu amempigia simu mama yake akijiita wakala, anataka ada ya majaribio ya nje ya nchi. Mama huyo alikuwa anatafuta mnunuzi wa kiwanja. FIFA hairuhusu klabu ya nje kumsajili mchezaji wa chini ya miaka 18, ila kwa hali chache zinazotajwa kwenye kanuni, na hali ya mama kuuza kiwanja haimo. Tumeongea naye, kiwanja kipo. Lakini alinipata mimi kwa sababu anafahamiana na dada yangu. Mama mwingine atampigia nani?

Kamati imewawekea bajeti mezani, na jinsi nilivyoisoma inajibu swali hilo. Kuisajili timu kuanzia wilayani. Kumsajili kila kijana akifika miaka 12, na cheti chake cha kuzaliwa kinakiliwe. Kompyuta moja na kabati la chuma lenye kufuli. Bima ya afya kwa vijana wote. Na posho ya mtu mmoja anayejua kusoma mkataba, akae pale siku mbili kwa wiki, mzazi amkute. Jukwaa la uwanja limewekwa mwaka ujao, na naomba libaki mwaka ujao, ingawa najua wapo wanaopenda majina yao yaandikwe kwenye jukwaa.

Kadi za ahadi zipo kwenye kila meza. Mimi nalipia usajili wa vijana 20 wa kwanza, na hela ninayo hapa mfukoni. Mwenyekiti, nikabidhi kwa nani?