KOFIA YA DOHANI: BATI GANI, NA RANGI GANI?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa tawi, Nairobi. Yamepigwa chapa kwa ajili ya wanachama ambao zamu za kazi ziliwazuia kufika.)



Mimi si msemaji. Shule yangu ni ile ya msingi ya misheni, na mengi niliyojua baadaye nimeyajua kwa nyundo na mkasi wa bati. Lakini Katibu ameniomba niseme juu ya jambo ambalo watu huniuliza karibu kila juma wakati wa chakula cha mchana. Mtu hunijia akasema: "Fundi, nimetoboa paa nikaweka bomba la moshi. Sasa juu nifunike na nini?"

Naona wengine mnacheka. Mwasema moyoni, mkutano wa chama na kofia ya dohani, wapi na wapi? Ngojeni kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, halafu mtaamua kama ni jambo la kucheka.

Wakati huo nilikuwa nakaa Kibera, upande wa Laini Saba, pale ambapo treni hupita karibu na milango ya watu. Chumba chetu kilikuwa futi 10 kwa 10, kuta za udongo na paa la mabati, kama vyumba vingi vya huko mnavyovijua. Mke wangu alikuwa anapika kwa vipande vya mbao na makaa. Nikasema, mimi ni fundi wa bati, kwa nini jamaa yangu ilie kwa moshi? Nikatengeneza jiko lenye bomba la inchi 4, nikalipitisha kwenye paa. Juu yake nikaweka kofia niliyoikata kwenye debe la mafuta ya kupikia. Haikunigharimu hata senti moja, nami nilijisifu sana.

Ikaja mvua ya mwezi wa Aprili. Maji yakawa yanadondoka ndani ya jiko. Nikapanda juu, nikaikandamiza kofia ile chini, hata pengo likawa kama nusu inchi tu. Mvua ikakoma kuingia. Nikaenda zamu ya usiku nikiwa na furaha.

Usiku ule mke wangu aliacha makaa jikoni ili chumba kiwe na joto, kwa sababu mtoto alikuwa na kikohozi. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa gunia. Jirani alimsikia mtoto akilia kwa sauti isiyo ya kawaida, akabisha hodi, hakujibiwa, akausukuma mlango. Alimkuta mama amelala sakafuni hana nguvu za kuinuka, kichwa chamuuma kama kupasuka, naye ametapika. Jirani akawatoa nje wote wawili. Mungu ni mwema, walipona. Lakini mimi, fundi, nilikuwa karibu kuwaua kwa kofia yangu mwenyewe.

Ndugu zangu, moshi mnaouona si adui mkubwa kuliko wote. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikohoeshi. Huingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa njema. Mtu huona usingizi, na usingizi ule waweza kuwa wa mwisho. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lapunguza makaa mtu anayotumia, lakini haliondoi sumu hiyo. Kwa hiyo yeyote asiye na bomba asilaze jiko la makaa chumbani, hata kama ni la namna gani. Na mwenye bomba asiridhike kwamba analo, bali atazame kofia yake.

Basi, kabla ya kuuliza bati gani, tuulize kofia ni ya kazi gani. Mzee mmoja aliyelisha moto wa injini za mvuke alinifundisha jambo hili. Alinipeleka kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, akanionyesha injini namba 5918, Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester na Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956. Akaniuliza: "Kijana, dohani ya injini hii ina kofia?" Nikasema haina. Akaniambia: "Haina, kwa sababu mvuke uliotumika hupulizwa kwenye dohani kwa nguvu, nao huukokota moshi. Jiko la mkeo halina mvuke wa kukokota. Moshi wake hupanda kwa joto lake peke yake. Ukiuzuia hata kidogo, hurudi nyumbani."

Maneno hayo nimeyashika. Moshi hauhitaji kofia, ni mvua iliyotufanya tuihitaji. Kwa hiyo kofia na izuie mvua, lakini isimzuie mwenye nyumba wa kweli, ambaye ni moshi.

Hesabu yake ni rahisi. Mdomo wa bomba la inchi 4 una eneo la karibu inchi za mraba 12 na nusu. Ukiinua kofia inchi 1 juu ya mdomo, njia ya pembeni kuzunguka bomba lote ni hizo hizo 12 na nusu. Yaani inchi 1 ndiyo mwisho kabisa, kwa bomba safi. Kofia yangu ilikuwa nusu inchi, maana yake nilikuwa nimefunga nusu ya njia, na masizi yakaziba sehemu ya nusu iliyobaki. Siku hizi mimi huweka inchi 2, yaani nusu ya upana wa bomba. Bomba la inchi 6, weka inchi 3. Kama maji yanaingia, usishushe kofia. Ipanue, ipite mdomo wa bomba kwa inchi 3 au 4 kila upande.

Sasa nije kwenye bati lenyewe.

Debe ni chuma chembamba kilichopakwa ngozi nyembamba ya madini meupe. Ukikata, ukingo hubaki uchi. Moshi wa kuni una asidi ndani yake, ya jamaa moja na siki, na ukichanganyika na mvua hula chuma usiku na mchana. Kofia yangu ya debe ilitoboka kabla ya mwaka kwisha. Wazee walisema, rahisi yavunja upishi.

Bati la zinki, lile la kuezekea, ni bora kuliko debe. Lakini jueni mambo mawili. La kwanza, namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwa kofia tafuta geji 26 au 24. La pili, zinki huyeyuka kwa joto la digrii 420 hivi, na huanza kuharibika kabla ya hapo. Bomba likiwa refu, moshi hufika juu umepoa, zinki hudumu. Bomba likiwa fupi, kama yalivyo mengi Kibera, ndimi za moto hufika karibu na kofia na zinki hubanduka. Na fundi asichomelee bati la zinki ndani ya chumba. Moshi wake mweupe humtia mtu homa na kutetemeka usiku. Kunja, piga ribiti, inatosha.

Alumini haishiki kutu nyekundu, nayo ni nyepesi. Dada yangu yuko Kawangware, karibu na mwisho wa matatu za namba 46, anakaanga mandazi kwa kuni tangu saa kumi za alfajiri. Yeye alifunika bomba lake kwa mfiniko wa sufuria. Ulimetameta vizuri sana. Lakini alumini huyeyuka kwa digrii 660, na hulegea mbali kabla ya kuyeyuka. Bomba lilikuwa fupi na moto wa mandazi ni mkali. Mfiniko ukalegea, ukainama upande mmoja, ukakaribia kufunga mdomo. Yeye alifikiri kuni ni mbichi, kumbe kofia ndiyo iliyoinama.

Shaba nyekundu ni nzuri kuliko zote kwa macho, na hudumu miaka mingi sana. Lakini siwashauri. Kwanza, maji yanayotiririka kutoka kwenye shaba hula zinki ya mabati yaliyo chini yake, kwa hiyo utaokoa kofia upoteze paa. Pili, haitalala juu ya paa hata juma moja. Sisi watu wa reli twajua wezi wa chuma chakavu. Wizi wa nyaya za umeme na vyuma vya reli ulizidi hata serikali ikasimamisha biashara hiyo kwa muda mwezi wa Januari 2022.

Chuma kisichoshika kutu, ambacho mafundi hukiita stenlesi, ndicho ninachokitumia sasa. Huvumilia moto, asidi na mvua. Ubaya wake ni bei, na ugumu wake kukata. Tena wako wauzaji wanaopaka chuma cha kawaida rangi ya fedha wakakiita stenlesi. Kwaruza pembeni kwa msumari utazame kama kuna rangi inayobanduka. Sumaku nayo husaidia, lakini si hakimu wa mwisho, kwa maana iko stenlesi ya kweli inayoshika sumaku.

Kitu kimoja nawakataza kabisa: vigae na mabomba ya zamani ya asbesto yanayookotwa kwenye nyumba zilizobomolewa. Ni kweli hayaungui. Lakini ukiyakata kwa msumeno, vumbi lake huingia mapafuni na kukaa humo, na ugonjwa wake huja baada ya miaka mingi, hauna dawa ya kuuondoa.

Juu ya rangi nitasema kwa ufupi. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango, huungua na kubanduka karibu na moto. Iko rangi inayovumilia moto, wanayopaka mabomba ya moshi ya magari. Chuma kisafishwe kwanza kwa msasa, kisipakwe kwenye masizi wala kutu. Bati jipya la zinki hukataa rangi, basi lioshe kwa siki, lisuuze, likauke. Ukimaliza kupaka, moto wa kwanza uwe mdogo, ili rangi ikomae polepole. Stenlesi haihitaji rangi. Chagua isiyong'aa kama kioo, kwani ile ya kung'aa humpiga jirani machoni na huonyesha kila doa la masizi.

Mkihofia cheche, kwa sababu nyumba zetu zimebanana na sote tumeona moto ukila safu nzima, zungushieni wavu kwenye pengo. Matundu yawe ya nusu inchi. Madogo zaidi huzibwa na masizi, mkarudi kwenye kosa langu. Na kila mwaka pandeni mara mbili kusafisha, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba.

Sasa mtauliza, chama kinaingia wapi? Nitawajibu kwa hesabu tena. Bati la stenlesi huuzwa futi 4 kwa 8. Mtu mmoja hawezi kulinunua kwa mshahara wetu, na akinunua kipande dukani hulipa zaidi kwa kila futi. Lakini bati hilo lina vipande 32 vya futi moja kwa futi moja. Tukitoa vinne vya kukatia miguu, twapata kofia 28 za bomba la inchi 4. Mtu mmoja ashindwa, watu 28 wataweza.

Kwa hiyo naomba Kamati itazame mambo matatu. La kwanza, tuchange tununue bati moja kwa majaribio, na kila mchangaji aandikwe jina lake na senti zake mbele ya wote. La pili, mimi na wenzangu wawili wa karakana tutakata na kukunja siku ya Jumamosi bila malipo, na vijana waje wajifunze. La tatu, wako wenye nyumba wanaokataza mpangaji kutoboa paa lakini hawakatazi moshi kumkaba. Mpangaji mmoja akisema hufukuzwa. Tukienda wengi, na barua ya tawi mkononi, tukaahidi kuziba tundu vizuri lisivuje, nadhani watasikia.

Kofia ya kwanza nitaipeleka kwa yule jirani wa Laini Saba aliyeusukuma mlango. Jiko lake halina bomba hata leo, kwa hiyo bomba pia nitamtengenezea mimi.