Wasiokuwepo Kwenye Mashine: Ubora wa Maisha ya Watu Wazima Wanaosafishwa Damu Butembo na Beni



Nimeombwa nizungumzie ubora wa maisha ya watu wazima wenye ugonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine katika miji yetu miwili. Naomba nianze na wale ambao hatutawakuta tukiingia kwenye chumba cha mashine. Mtafiti akifika na fomu zake humhoji aliyelala kitandani, mirija mkononi. Aliyekosa pesa mwezi uliopita hayupo. Aliyeogopa barabara hayupo. Yule ambaye ukoo ulimwambia kwamba uvimbe wake ni karuho, yaani sumu aliyotegewa, akapelekwa kwenye dawa za mizizi, hakuwahi hata kufika. Tukijumlisha majibu ya waliobaki tutapata wastani unaopendeza kuliko hali yenyewe, kwa kuwa walioshindwa wameshatoka kwenye hesabu, na wengi wao wametoka kwa kufa.

Mwaka 2017 Gloria Ashuntantang wa Kameruni na wenzake walichapisha katika jarida la The Lancet Global Health mapitio ya tafiti za nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Kati ya watu wazima ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kabisa, ni takriban mmoja tu kati ya kumi aliyeendelea na mashine kwa miezi 3 au zaidi. Na wenye ugonjwa huu nchini mwetu si wachache. Uchunguzi wa Ernest Sumaili na wenzake mjini Kinshasa, uliotoka mwaka 2009, ulikuta ugonjwa sugu wa figo, kwa hatua zake zote, kwa asilimia 12.4 ya watu wazima waliopimwa. Presha na kisukari ndivyo vinavyotajwa kwanza popote, na huku kwetu tuongeze malaria kali, kifafa cha mimba na vidonge vya maumivu vinavyouzwa kila kona bila karatasi ya daktari.

Mashine yenyewe si ngeni duniani. Willem Kolff aliiunda Uholanzi mwaka 1943, vita vikiendelea, na mwaka 1960 Belding Scribner wa Seattle, Marekani, akapata mrija uliowezesha mgonjwa yule yule kuunganishwa tena na tena. Hapo ndipo shida ikaanza: wagonjwa wengi, mashine chache. Seattle waliunda kamati ya raia wa kawaida wa kuamua nani apewe nafasi ya kuishi, na habari hiyo ilipotangazwa gazetini mwaka 1962 Wamarekani wengi walishtuka. Miaka kumi baadaye bunge lao lilipitisha sheria ya serikali kulipia matibabu hayo. Sisi hatujaunda kamati ya namna hiyo, na hatuihitaji, kwani mfuko wa familia unafanya kazi hiyo kila wiki.

Tuone jinsi unavyoifanya. Kipindi kimoja huchukua kama saa 4, na kanuni ni vipindi 3 kwa wiki. Katika saa hizo zaidi ya lita 100 za maji yaliyosafishwa kwa namna ya pekee hupita kwenye kichujio, yakibeba sumu ambayo figo zingeitoa kwenye mkojo. Kwa hiyo panahitajika maji mengi na umeme usiokatika, katika eneo ambalo jenereta bado ni sehemu ya maisha. Vichujio, mirija na dawa za damu vinatoka nje ya nchi na bei yake ni dola. Familia inaanza na akiba, inapokea zamu ya likelemba, yaani mchango wa kupeana kwa zamu, kabla ya wakati wake, inauza mbuzi, halafu shamba, mwisho parseli ya mjini. Pesa zikipungua, vipindi 3 vinakuwa 2, vinakuwa 1, kisha mgonjwa anakuja siku anapokosa pumzi tu. Mgonjwa wa namna hii akijibu kwamba amechoka na hana usingizi, tumwandike kuwa ugonjwa wake ni mkali? Mimi nasema kipimo hapo kimepima madeni.

Mfano wa Kenya unafaa kuangaliwa. Mfuko wao wa bima ya afya wa wakati huo, NHIF, ulianza mwaka 2015 kulipia vipindi 2 kwa wiki kwa mwanachama. Ni pungufu ya kanuni, na malalamiko hayakuisha, lakini mgonjwa aliweza kujua Jumatatu kwamba Alhamisi atasafishwa. Uhakika huo kwetu haupo. Mituelle zetu za afya, yaani mifuko ya kuchangiana matibabu, zinasaidia katika uzazi na upasuaji, na ni kazi ya kupongezwa. Lakini gharama isiyo na mwisho, kila wiki hadi kifo, ingezimaliza zenyewe.

Sasa nyumbani, kwenye chakula, ambako wauguzi wengi tunapita haraka mno. Mgonjwa huambiwa apunguze chumvi, potasiamu na maji. Tumwangalie anapoishi: maharagwe, viazi, ndizi, sombe, lengalenga, avokado zinazoanguka uani bila bei, samaki wa chumvi, makayabo. Karibu kila kinachotoka kwenye udongo wetu kimo kwenye orodha ya katazo. Kumkabidhi orodha hiyo na kumuaga ni kumwambia afe njaa kwa adabu. Yapo ya kufanya: viazi vimenywe, vikatwe vidogo, vilowekwe, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena, majani ya mboga vilevile. Anayepaswa kufundishwa hayo ni mpishi, na mara nyingi mpishi ni mke au binti ambaye tunamwacha nje kwenye benchi.

Maji ni magumu zaidi. Asiyekojoa tena hatakiwi kupita nusu lita na kidogo kwa siku, pamoja na chai na mchuzi. Na huku kwetu kwenye msiba na kwenye mahari huwezi kukaa bila kikombe, kiwe cha kasiksi au cha chai. Mzee anayekataa kikombe mara tatu anaonekana ana neno na wenyeji wake. Baada ya muda anaacha kwenda. Upweke wa namna hiyo hauonekani kwenye vipimo vya damu, na sidhani dawa ya usingizi itautibu.

Halafu kuna mkono. Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa na daktari ili upokee sindano, haubebi mzigo mzito, haupimwi presha, haulaliwi. Karani anaweza kuishi hivyo. Anayesukuma chukudu au anayelima kwa jembe kwenye vilima vya Lubero amepoteza kazi siku ile ile mshipa ulipounganishwa, na mwanamke anayebeba bidoni la maji amepoteza nafasi yake nyumbani, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo mdomoni.

Nimeiacha barabara hadi sasa, ingawa wagonjwa wenyewe wangeiweka mbele. Butembo na Beni hazifiki kilomita 60 kati yao. Kwa mwenye afya ni safari ya asubuhi. Kwa anayetakiwa kuipita mara 6 kwa wiki, kwenda na kurudi, katika eneo ambalo mauaji ya raia hayajakoma tangu Oktoba 2014, kila safari ni uamuzi. Goma, kama kilomita 300 kusini, palikuwa mahali pa kukimbilia kwa matibabu makubwa. Vita vya waasi wa M23 viliikata njia hiyo, na tangu mwisho wa Januari 2025 mji wenyewe uko mikononi mwao. Inabaki njia ya Kasindi, kuvuka Mpondwe, kuingia Uganda, kilomita zaidi ya 400 hadi Kampala. Nayo ina makaburi yake: Jumapili ya tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka kanisani Kasindi. Anayehamia Kampala kwa ajili ya mashine anapanga chumba, anamtenga mwenzi wake na watoto, na anaishi kwa simu. Yuko hai, lakini tukimuuliza kuhusu ubora wa maisha ataanza na kodi ya nyumba.

Kuhusu fomu zenyewe. Inayotumika sana kwa wagonjwa wa figo ni KDQOL-36, yenye maswali 36 na alama kuanzia 0 hadi 100. Ni chombo kizuri kwa kule kilikozaliwa. Lakini kinamuuliza mtu kama anaweza kusukuma mashine ya kufyonza vumbi au kucheza gofu! Mtafiti wetu aweke bidoni la lita 20 kwenye mlima, aweke jembe. Kinauliza pia kuhusu maisha ya kitandani ya mume na mke. Kijana wa miaka 22 hawezi kumtazama mzee usoni na kumuuliza hilo, na akiuliza atajibiwa uongo wa heshima. Atafutwe muuguzi wa rika na jinsia inayofaa, na mazungumzo yafanyike pembeni, si mbele ya vitanda vingine.

Tukumbuke pia watu wa hapa wamehojiwa sana. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, katika mlipuko uliogusa watu 3,470 na kuua 2,287, timu za Riposte, yaani za kupambana na ugonjwa huo, ziliingia kila mtaa na karatasi zao. Wengi waliona magari yakija na kuondoka na maisha yao yakibaki vile vile. Nani atawalaumu wakitusogezea kiti na kutuambia wanayodhani tunataka kusikia?

Maombi yangu ni mawili. La kwanza ni kwetu: popote penye mashine, daftari liwe na safu ya waliokosa, tarehe na sababu, na RECO wa mtaa, yaani mhudumu wa afya wa kujitolea, atumwe nyumbani kwa kila aliyekosa vipindi viwili mfululizo. Utafiti wowote wa ubora wa maisha usiohesabu hao tusiupokee. La pili ni kwa wakuu wa jimbo, ambao kwa sasa wanaongozea hapa Beni: vichujio, mirija na dawa za kusafisha damu vinavyopita Kasindi visitozwe ushuru wala ada yoyote. Hilo halisubiri amani, na halihitaji hospitali mpya.